"Lakini Mwalimu, niliandika 'inadaiwa'"

Kila muhula, ninapofika kwenye mada ya kashfa, yaani kumchafulia mtu jina, katika somo la sheria za habari, hasimami mwingine kabla ya yule anayenieleza kwamba habari yake haiwezi kumfikisha mahakamani kwa sababu aliweka neno "inadaiwa". Mwezi uliopita nililisikia tena, safari hii kutoka kwa kijana aliyekuwa mafunzo kwa vitendo katika kituo kimoja cha redio. Alikuwa ameweka kwenye ukurasa wa kituo hicho kwamba mweka hazina wa AMCOS (chama cha ushirika wa wakulima) ya kijiji fulani "inadaiwa" ametoroka na malipo ya wakulima. Mweka hazina alikuwa amelazwa hospitali ya wilaya, na fedha zilikuwa benki. Barua ya wakili ilipofika, kijana alishangaa kwa dhati kuona kwamba neno lake halikutajwa popote.

Halikutajwa kwa sababu halina uzito aliodhani linao. Mahakama husoma habari nzima kwa macho ya msomaji wa kawaida, yule anayeisoma kwenye simu akiwa ndani ya daladala, kisha hujiuliza amebaki na picha gani ya mtu aliyetajwa. Msingi huo tumeurithi kutoka sheria ya kawaida ya Uingereza (common law), ile inayotokana na hukumu za majaji, iliyopokelewa Tanganyika kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920. Hukumu za Waingereza za baada ya hapo hazizifungi mahakama zetu, lakini mawakili huendelea kuzirejea, na inayorejewa sana katika jambo hili ni ya kesi ya Lewis dhidi ya Daily Telegraph, iliyo katika ripoti za sheria za mwaka 1964. Humo Lord Devlin, mmoja wa majaji, alieleza kwamba mtu haikwepi kashfa kwa kuitanguliza na maneno kama "nimeambiwa" au "kuna uvumi". Anayerudia kashfa ya mwenzake huhesabiwa kuwa ameitoa yeye.

Matokeo yake ndiyo ambayo wanafunzi wengi hawayapimi. Ukiandika kwamba wakulima watano wamesema mweka hazina ameiba, kisha ukajitetea kwamba habari yako ni ya kweli, hutaulizwa kama kweli wakulima watano walisema hivyo. Utatakiwa kuthibitisha kwamba ameiba, na mzigo wa kuthibitisha ukweli huo ni wako wewe uliyechapisha. Rekodi ya sauti ya wakulima inaonyesha tu kwamba hukuwabunia maneno.

Neno lenyewe lina mahali pake halali. Mwendesha mashtaka anaposoma hati ya mashtaka, mwandishi huandika "upande wa mashtaka unadai", na hapo analindwa, lakini kinachomlinda ni kuripoti mwenendo wa mahakama kwa usahihi na kwa haki, si kitenzi alichokichagua. Ninawasihi wanafunzi wangu waitazame sarufi kabla ya sheria: "inadaiwa" ni kitenzi cha kutendwa ambacho mtenda wake amefichwa. Jiulize inadaiwa na nani, na kama jibu huwezi kuliandika katika sentensi ileile, bado huna habari, una tetesi ya kufuatilia.

Mkanganyiko huu umeongezeka tangu marekebisho ya mwaka 2023 yaliyoiondoa kashfa katika makosa ya jinai ya Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016. Wapo walioelewa kwamba kashfa sasa imeruhusiwa. Kilichoondoka ni jinai. Shauri la madai na fidia vipo palepale. Tena kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 kinamhusu mtu yeyote anayechapisha taarifa akijua ni ya uongo, kwa nia ya kukashifu au kupotosha umma, na adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Binafsi naona adhabu hiyo ni kali mno, na nimesema hivyo darasani mara nyingi. Hata hivyo, kwa kuwa kifungu kinasema "mtu yeyote", dhana kwamba mwanafunzi asiye na ithibati ya uandishi wa habari hakimhusu haina msingi.

Dhana nyingine ni kwamba taarifa ya uzushi hutambulika kwa lugha mbovu na makosa ya tahajia. Zamani ushauri huo ulisaidia kidogo. Leo barua ya kughushi huja na nembo, muhuri, saini na kumbukumbu namba, na wakati mwingine huwa imeandikwa kwa Kiswahili safi kuliko barua halisi za ofisi. Anza na tarehe na cheo: je, mtu aliyesaini alikuwa bado anashikilia nafasi hiyo siku hiyo? Kisha piga simu kwenye ofisi husika kwa namba uliyoipata kwingine, kamwe si ile iliyo kwenye barua unayoichunguza. Picha ipitishe Google Lens au TinEye, zana za kutafuta ilikowahi kutumika mtandaoni, kwa maana picha nyingi za uzushi ni halisi kabisa, ila ni za mafuriko ya mwaka mwingine au za nchi nyingine.

Vilevile, makundi mawili ya WhatsApp si vyanzo viwili. Ujumbe uleule uliopita mikono ishirini una chanzo kimoja, na mara nyingi hakijulikani.

Kufuta chapisho hakufuti kosa, kwa kuwa uchapishaji hukamilika pale mtu wa tatu anapousoma, na picha za skrini hubaki. Futa hata hivyo, kisha sahihisha waziwazi na uombe radhi mapema, kwa sababu hilo linaweza kupunguza fidia.

Kutotaja jina nako hakutoshi. Yule kijana, katika habari yake, aliandika cheo na kijiji pekee, akaniambia kwa kujiamini kwamba hakumtaja mtu. AMCOS ile ina mweka hazina mmoja, na kijijini hakuna asiyemjua.