Hapana, hatuanzi na vya kale

Nimelisikia tena wiki hii. Kikao cha kupanga tuskani nini kwanza kwenye hifadhi ya nyaraka, chai, sambusa, na mzee mmoja wa heshima zake anainua mkono: "Hizo nyaraka za utawala wa Mjerumani ndizo za kale zaidi. Skanini hizo kwanza, zisije zikapotea." Meza nzima ikaitikia. Hili nimeambiwa na wakubwa, wafadhili, waandishi wa habari, na mara moja msibani na mjomba wangu. Sasa naandika, ili siku nyingine nitume linki tu.

Umri wa waraka haukwambii utakufa lini.

Tuchukue hayo majalada ya Mjerumani. Prussia walikuwa na kanuni za ubora wa karatasi za ofisi za serikali tangu miaka ya 1880, na majalada mengi ya koloni ukiyafungua leo karatasi bado inapinda bila kukatika. Mkusanyiko ulioko Nyaraka za Taifa za Tanzania una mwongozo uliochapishwa Marburg, Ujerumani, mwaka 1973, ulishapigwa mikrofilamu (picha ndogo kwenye filamu), na tangu 1997 umo kwenye orodha ya UNESCO ya Kumbukumbu ya Dunia. Sisemi hauna matatizo. Kuna kurasa ambazo wino wenye chuma unaila karatasi hadi maandishi yanadondoka kama yaliyokatwa kwa wembe, na hizo zina haraka yake. Ila mkusanyiko mzima hauruki foleni eti kwa sababu ulizaliwa kabla ya babu yetu.

Njoo sasa kwenye miaka ya 1970. Fungua jalada la magazeti, Uhuru au Ngurumo, uone. Karatasi ina rangi ya chai ya rangi, ukingoni imekolea zaidi. Ukigeuza ukurasa, mkunjo wa katikati unakatika kwanza, kisha pembe, na ukimaliza unafuta mezani chenga za habari za watu. Karatasi ya gazeti ni mti uliosagwa na lignini yake yote, ile gundi ya asili ya mti, na lignini ikikutana na hewa na mwanga hutoa asidi. Ongeza joto na unyevu wa pwani yetu. Saiklostaili, zile nakala za stensili, ndiyo usiseme: mihtasari ya matawi ya chama, ripoti za vijiji vya ujamaa, mafaili ya ushirika, vyote vimechapwa kwenye karatasi rahisi kuliko zote, na mara nyingi nakala ni ile ile moja iliyobaki.

Na faksi! Faksi za miaka ya 1990 zilitoka kwenye karatasi inayochapa kwa joto. Unafungua faili la ofisi, barua ya kwanza ya mwaka 1962 inasomeka kama ya jana, ya 1978 inasomeka kwa shida, ya 1994 ni karatasi nyeupe yenye pini ya kutu. Hiyo nyeupe ndiyo changa kuliko zote humo ndani. Pale Feri hakuna anayeuliza samaki alianguliwa lini. Anayekaribia kuoza ndiye anayeuzwa mapema.

Mikanda ya sauti ndiyo inayonikosesha usingizi. Unga wa chuma unaobeba sauti umeshikiliwa na gundi, na baadhi ya gundi za kuanzia miaka ya 1970 hunyonya unyevu. Ukiucheza mkanda wa namna hiyo unasikia kwanza mlio mwembamba, halafu kichwa cha mashine kinajaa uchafu wa kahawia unaonata. Uchafu ule ndio hotuba yenyewe, ndiyo ngoma yenyewe. Tiba ipo: mkanda unaokwa kwa joto dogo, nyuzi 50 na kitu, saa nyingi, kisha unapata muda mfupi wa kuucheza na kuuhamisha. Ndiyo, unaokwa. Lakini mkanda wa zamani zaidi, wa plastiki ya asetati, ule unaotoa harufu ya siki ukifungua boksi, usithubutu kuuoka, utauharibu. Kwa hiyo mtu anayekwambia "wape vijana wa IT wacheze tu" anakupeleka kuzimu. Halafu mashine zenyewe haziundwi tena kama zamani, vipuri tunaviwinda, na mafundi waliozijua wanastaafu. Hifadhi ya taifa ya filamu na sauti ya Australia ilionya mwaka 2015 kwamba mikanda isiyohamishwa kufikia 2025 mingi itakuwa imepotea. Hao ni Australia, wenye vyumba vya baridi. Sisi wenzangu na mimi umeme ukikatika, kiyoyozi kinazima nao.

Kuna wanaojibu: basi skanini vyote, mmalize ubishi. Haya, tupige hesabu. Ukurasa mmoja wa A4 kwa dpi 400 (nukta 400 kwa inchi), rangi, faili la picha la TIFF lisilobanwa, ni kama megabaiti 46. Faili la kurasa 200 ni gigabaiti 9 na ushee. Weka nakala tatu, moja nje ya jengo. Ukurasa wa gazeti kubwa ni mara nne ya A4. Diski hufa, lazima uhamishe kila baada ya miaka michache, na bajeti ya kuhamisha hakuna mfadhili anayependa kupigwa nayo picha. Hapo sijagusa metadata, yaani maelezo ya kila waraka. Kuskani ndiyo kazi nyepesi. Kuandika hiki ni nini, cha nani, cha lini, ndiko muda unakoishia. Picha elfu kumi zenye majina ya IMG na namba hazijaokoa chochote, zimehamisha vumbi kutoka rafuni kwenda kwenye seva.

Jambo ninalogombana nalo zaidi ni swali ambalo hakuna anayeuliza kikaoni: nakala nyingine iko wapi? Mambo Leo, gazeti la serikali lililoanza 1923, lipo kwenye maktaba zaidi ya moja duniani. Mimi kuliskani upya ni raha kwa msomaji wa Dar, siikatai, maana kumwambia mwanafunzi wa Mlimani akaombe viza akasome gazeti la Kiswahili ni matusi. Lakini hiyo ni sababu ya kurahisisha matumizi. Kuokoa ni jambo jingine, na mambo haya mawili yakichanganywa kwenye andiko moja la mradi, pesa huenda kwa kinachopendeza. Tena "lipo" maana yake nini? Lipo kamili, au matoleo matatu ya katikati yamekosekana na ndiyo tuliyo nayo sisi? Lipo kwenye mikrofilamu inayosomeka, au iliyopigwa ukurasa umekunjwa? Inabidi kukaa na orodha mbili, yetu na yao, toleo kwa toleo. Inachosha, na ndiyo kazi.

Sheria za hapa Tanzania nitazipitia mbio. Nyaraka za serikali zina ya 2002, hakimiliki ina ya 1999, taarifa binafsi zina ya 2022. Faili la wagonjwa au la kesi ya ndoa unaweza kuliskani kwa ajili ya kulihifadhi na usiliweke mtandaoni. Kuskani na kuanika ni maamuzi mawili.

Sasa, mambo ambayo vitabu vya fani havisemi. Tuna fomu ya alama: thamani, hali, upekee, mahitaji ya wasomaji. Unajumlisha, unapanga foleni. Kwa niliyoyaona, mara nyingi watu huamua kwanza, fomu hujazwa baadaye ikubaliane. Na hicho kipengele cha mahitaji kinanisumbua: huombwa kile kinachojulikana, na hujulikana kilichokwisha orodheshwa, ambacho mara nyingi ndicho kilichoandikwa na mtawala. Hakuna anayeomba mihtasari ya chama cha ushirika asiyojua kama ipo. Nimejaribu kukipunguzia uzito kipengele hicho. Matokeo yake tukaskani vitu ambavyo kaunta ya matumizi haijasogea. Sijui bado uzito sahihi ni upi, na simwamini anayesema anaujua.

Mwaka huu mikanda imeshinda. Mwenzangu ninayegawana naye ofisi hajakubali hadi leo. Anasema vyama vikuu vya ushirika vilipofutwa mwaka 1976 mafaili yao yalitawanyika, mengine yako kwenye maghala yenye mchwa, na mchwa hasubiri bajeti ya Julai. Mimi namjibu kwamba karatasi iliyoliwa nusu bado unaisoma nusu, mkanda ulionata huupati hata robo. Yeye anasema nikatembelee hayo maghala kwanza. Tumeomba gari.