Je, wajua? Enid Blyton hakuwa na waandishi kivuli

Mtu mmoja anawezaje kuandika vitabu zaidi ya 700 vya watoto? Kwa miaka mingi jibu langu lilikuwa fupi: hawezi. Niliamini kwamba Enid Blyton, Mwingereza aliyetunga mifululizo ya hadithi za watoto iitwayo Famous Five na Noddy, lilikuwa jina la kubandikwa kwenye majalada tu, na kwamba kazi ilifanywa na waandishi kivuli waliolipwa wakanyamaza. Nilikosea.

Dhana hiyo haikuzuka hivi hivi. Huko Marekani, kampuni ya Stratemeyer iliendesha biashara ya namna hiyo hasa. Carolyn Keene, ambaye jina lake limo kwenye vitabu vya Nancy Drew, msichana mpelelezi, tangu 1930, hajawahi kuwapo. Vile vya mwanzo viliandikwa na Mildred Wirt, akifuata muhtasari wa kampuni, kwa malipo ya dola 125 kwa kitabu. Anayekijua kisa hicho ni rahisi kumshuku kila mwandishi mwenye vitabu vingi.

Blyton mwenyewe aliusikia uvumi huo, na ulimchoma. Mwaka 1955 alipata habari kwamba mkutubi mmoja kijana wa Afrika Kusini alikuwa akiurudia. Alimfungulia kesi, na mwaka uliofuata mkutubi akaomba radhi mbele ya mahakama. Hata hivyo, kuomba radhi hakuthibitishi nani alishika kalamu. Kwangu mimi, kinachoshawishi zaidi ni namna alivyokuwa akiandika.

Alizaliwa London mwaka 1897, akasomea ualimu, akatoa kitabu cha mashairi mwaka 1922. Famous Five ilianza 1942. Mwaka 1953 mwanasaikolojia Peter McKellar alimwandikia kumuuliza hadithi zake hutoka wapi, naye akamjibu kwa kirefu. Alisema huketi na taipureta magotini, hufumba macho dakika chache na kuiacha akili iwe tupu, kisha wahusika hujitokeza mbele yake kama walio kwenye skrini ya sinema. Huwaona wakitembea, huwasikia wakizungumza, naye hupiga chapa anachokiona. Alisema pia kwamba angejaribu kukipanga kitabu kizima kabla, asingeweza kukiandika.

Mfikirie mtangazaji wa mpira redioni. Kwa dakika tisini maneno hayamkauki, wala hakai kuwaza ni nani atafunga, kwa kuwa mchezo uko mbele ya macho yake. Kinachomchosha mwandishi wa kawaida ni kusimama kila baada ya aya kujiuliza nini kifuate. Blyton hakuwa na kituo hicho. Bila shaka sinema hiyo hakuna aliyeiona ila yeye, kwa hiyo tunategemea maelezo yake. Nahisi pia alisaidiwa na kalibu, kama ya mfyatua matofali: watoto wako likizoni, wazazi wako mbali, kuna njia ya siri chini ya ardhi. Udongo ni mpya kila mara, umbo ni lile lile.

Sasa piga hesabu. Alianza baada ya kifungua kinywa, akaacha yapata saa kumi na moja jioni, akiwa na maneno kati ya 6,000 na 10,000. Famous Five kimoja kina maneno kama 40,000 hadi 50,000, yaani kazi ya wiki moja. Vyote 21, kwa mwendo huo, ni miezi mitano! Na vile 700 visikutishe sana, kwani vingi ni vijitabu vyembamba vya watoto wadogo.

Kuna tofauti moja zaidi ambayo ningepaswa kuiona mapema. Jina la Carolyn Keene limeendelea kutoa vitabu vipya muda mrefu baada ya Mildred Wirt kuacha. Famous Five ya mwisho ya Blyton ilitoka 1963, kumbukumbu zake zikiwa zimeanza kumpotea, na mwaka 1968 akafariki. Ufaransa ilipotaka matukio mapya ya watoto wa Famous Five tangu 1971, ilibidi ayaandike Claude Voilier.