Injini ya rotari haikubuniwa na Mazda

Kila ikitajwa RX-7, lile gari la michezo la Mazda, lazima mtu aseme rotari, yaani injini yenye rota inayozunguka badala ya pistoni, ni ubunifu wa Mazda, hapana jamani, hiyo injini aliibuni Mjerumani Felix Wankel akiwa na kampuni ya magari ya NSU, wakaiwasha ya kwanza 1957 na 1964 wakaanza kuuza gari lenye injini hiyo. Mazda ilichukua leseni tu, 1961. Ila kazi waliyopiga pale kwao Hiroshima mi naiheshimu sana, maana sili, vile vipande vya kuziba gesi isivuje, za kwenye ncha za rota zilikuwa zinakwaruza ukuta wa ndani, mikwaruzo wakaiita kucha za shetani, mpaka timu ya mhandisi wao Kenichi Yamamoto ikapata sili za kaboni iliyochanganywa na alumini ndo gari lao la rotari, Cosmo Sport, likatoka 1967.