2147483647: namba tasa ambayo kompyuta hukwamia

Anayejifunza kutengeneza kanzidata ya wateja hupatwa mapema na kituko hiki. Anaingiza namba za simu zinazoanza na 255, kisha anafungua jedwali na kukuta wateja wote wana namba moja: 2147483647. Hajadukuliwa. Hiyo ndiyo namba kubwa kuliko zote zinazoenea kwenye nafasi aliyoitenga. Namba ya simu yenye tarakimu 12 haienei, na baadhi ya mifumo, badala ya kulalamika, huandika kikomo chake na kuendelea na kazi.

Kwa maneno ni bilioni mbili, milioni mia moja arobaini na saba, laki nne, elfu themanini na tatu, mia sita arobaini na saba. Kihisabati ni fupi zaidi: mbili kwa kipeo cha 31, toa moja.

Kompyuta huandika kwa 0 na 1 tu. Nafasi ya kawaida ya namba nzima ina vyumba 32. Kimoja hushika alama ya chanya au hasi, vinabaki 31. Vijaze vyote 1, umefika 2147483647. Ukiongeza moja, vyumba vyote vinarudi 0 na ile moja inasukumwa mpaka kwenye chumba cha alama, hivyo jibu linakuwa hasi 2147483648. Mifumo mingi ya zamani huhesabu sekunde tangu 1 Januari 1970 kwa nafasi hiyohiyo. Itajaa tarehe 19 Januari 2038, saa 12:14 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki, na mashine isiyorekebishwa itajiona iko Desemba 1901.

Lakini namba hii ilikuwa maarufu kabla ya kompyuta, kwa sababu ni tasa. Neno letu linafaa sana hapa: namba tasa haina kigawo ila moja na yenyewe. Mtawa wa Kifaransa Marin Mersenne aliiweka mwaka 1644 kwenye orodha yake ya namba tasa za umbo hili, yaani mbili kwa kipeo fulani, toa moja, orodha ambayo baadaye ilionekana ina makosa. Kwa hii hakukosea. Aliyethibitisha ni Leonhard Euler, mwaka 1772, akiwa karibu kipofu kabisa.

Njia ya kawaida ni kujaribu kuigawa kwa kila namba tasa mpaka kipeuo chake cha pili, yaani kama 46,340. Zipo karibu 4,800, na kila moja ni mgawanyo wa kalamu na karatasi. Euler alionyesha kwamba kigawo chochote, kama kipo, lazima kikigawanywa kwa 248 kibakize 1 au 63. Sharti hilo linafuta 3, 5, 7 na nyinginezo zote mpaka 311, ambayo ndiyo ya kwanza kustahili kujaribiwa. Kazi ya maelfu ikabaki chini ya mia moja, na hakuna iliyogawa bila baki.

Ukiizidisha kwa mbili kwa kipeo cha 30 unapata namba timilifu, kama 6 ambayo ni jumla ya vigawo vyake vidogo, 1, 2 na 3. Mwaka 1811 Mwingereza Peter Barlow aliandika kwamba hiyo ndiyo timilifu kubwa kuliko zote zitakazowahi kupatikana, kwa kuwa hazina faida na hakuna atakayejisumbua kutafuta nyingine. Walijisumbua. Oktoba 2024 ilitangazwa namba tasa ya umbo hilohilo yenye tarakimu zaidi ya milioni 41.

Wengi hudhani kompyuta ilichagua kikomo hiki kwa sababu ya utasa wake. Hapana, ni sadfa. Mwaka 2014 video ya wimbo mmoja wa Kikorea ilikaribia kujaza kihesabu cha YouTube, wakahamia vyumba 64. Kikomo kipya ni 9223372036854775807, nacho kinagawanyika kwa 7.