Spartacus wa tamthilia na Spartacus wa vita: tunayoyaamini na yaliyotokea

Tamthilia ya Spartacus, gladiata (yaani mtumwa wa kupigana ulingoni) aliyeongoza uasi wa watumwa dhidi ya Roma, ilianza kuonyeshwa na kituo cha Marekani cha Starz Januari 2010 na ikamalizika 2013. Damu inaruka polepole hewani, anga ni jekundu, vifua vinang'aa mafuta, na hakuna sehemu inayopita bila mtu kukatwa. Kwa watazamaji wengi, hiyo ndiyo historia yote ya Spartacus wanayoijua. Waliotunga walisoma, hilo nawapa. Majina mengi ni ya kweli, na baadhi ya mambo yanayoonekana kutiwa chumvi yameandikwa na wanahistoria wa kale. Lakini kwenye kiini cha kisa, yaani kwa nini watu hawa waliasi na ni nani hasa waliopigana, tamthilia imepotosha sana.

"Aliasi ili kumlipizia kisasi mkewe"

Katika tamthilia, kamanda wa Kirumi Glaber anamsaliti Spartacus, anamfunga yeye na mkewe Sura, kisha Batiatus, mwenye shule ya magladiata, anaagiza Sura auawe. Uasi wote unachipuka kwenye kaburi hilo.

Plutarch, mwandishi wa Kigiriki aliyetuachia maelezo marefu kuhusu vita hii, anaeleza tofauti kabisa. Mke wa Spartacus alikuwa mtu wa kabila lake, nabii wa kike aliyekuwa akipandwa na mungu Dionysus, na alitoroka pamoja na mumewe. Jina lake halikuandikwa popote. Sura ni la watunzi. Inasikitisha kwamba mwanamke aliyekimbia Capua, mji wa Italia wenye shule ya Batiatus, kwa miguu yake amegeuzwa maiti ili mumewe apate sababu ya kukasirika.

Glaber naye alikuwepo kweli. Alikuwa preta, yaani afisa mkuu wa Kirumi, aliyetumwa mwaka 73 KK na watu 3,000 kuwazingira waasi juu ya mlima Vesuvius. Hakuna mwandishi wa kale anayesema aliwahi kukutana na Spartacus kabla ya hapo. Kuhusu maisha ya nyuma ya Spartacus, Appian, mwanahistoria mwingine wa kale, anasema tu kwamba alikuwa Mthrace, mtu wa nchi iliyo kaskazini mwa Ugiriki, aliyewahi kuwatumikia Warumi kama askari, kisha akatekwa na kuuzwa.

Sababu anayoitoa Plutarch ni nzito kuliko kisasi cha mtu mmoja. Watu wa shule ile, wengi wao Wagalia na Wathrace, walifungiwa si kwa kosa lolote bali kwa dhuluma ya mmiliki wao. Watu 200 walipanga kutoroka. Siri ikavuja, na 78 wakawahi kutoka wakiwa na visu vya jikoni na vyuma vya kuchomea nyama. Njiani wakayakuta magari yaliyobeba silaha za magladiata, wakayateka. Watu 200 hawakubaliani jambo la hatari namna hiyo kwa sababu ya ndoa ya mwenzao mmoja. Walikubaliana kwa sababu kila mmoja alikuwa na lake.

"Lilikuwa jeshi la magladiata"

Hii ndiyo dhana kubwa kuliko zote, na ndiyo inayoniuma zaidi. Kwenye skrini, vita inaonekana kuwa ya wanaume wachache wenye misuli, na wengine wote ni kundi la nyuma linalosubiri kuokolewa.

Turudi kwenye hesabu. Waliotoka Capua walikuwa 78. Appian anasema baadaye Spartacus alikuwa na watu 70,000, na alipoelekea Roma walifika 120,000. Waandishi wa kale hupenda kuongeza idadi, lakini hata ukizikata nusu, magladiata ni tone tu. Waliobaki walikuwa watumwa wa mashambani na wachungaji.

Katika miaka mia iliyotangulia, Roma ilikuwa imepigana vita kutoka Hispania hadi Ugiriki, na mateka waliletwa Italia kwa maelfu kufanya kazi katika mashamba makubwa ya matajiri. Kusini kulikuwa na malisho mapana. Wachungaji watumwa waliishi nje mwaka mzima, mbali na macho ya bwana, wakiwa na silaha za kufukuzia mbwamwitu na wezi. Walijua kila njia ya mlimani. Plutarch anawataja waziwazi: wachungaji wa ng'ombe na kondoo, watu wenye nguvu na wepesi wa miguu, ndio waliojiunga, wengine wakapewa silaha nzito na wengine wakafanywa wapelelezi. Appian anaongeza kwamba hata watu huru, maskini wa mashambani, walikuja.

Jeshi hilo lilijiendesha. Lilisuka ngao kwa matawi na kuzivika ngozi za wanyama. Nyara ziligawanywa sawa kwa sawa. Walipokaa karibu na Thurii, mji wa kusini mwa Italia, Spartacus aliwakataza wafanyabiashara kuleta dhahabu na fedha, na watu wake wasizimiliki. Walinunua chuma na shaba kwa wingi na kufua silaha. Hiyo ni kazi ya mafundi, wapishi, wabeba mizigo na wanawake wenye watoto mgongoni. Kamera haikukaa nao vya kutosha.

Tukio la Vesuvius, ambalo mtu angedhani ni ubunifu wa Hollywood, lilikuwa kweli. Glaber aliziba njia pekee ya kushukia, waasi wakasuka kamba na ngazi kwa mizabibu ya porini, wakateremka kwenye jabali na kuizunguka kambi yake kwa nyuma. Nani mwenye mikono iliyozoea kusuka mizabibu? Mimi naona mkono wa mkulima hapo, si wa mpiga upanga.

"Kila pambano la ulingoni liliisha kwa kifo"

Gladiata alikuwa mali ya gharama: alinunuliwa, akalishwa, akafundishwa kwa muda mrefu. Aliyeshindwa angeweza kuomba kusamehewa, na mara nyingi alisamehewa. Kaburi la gladiata Flamma, Msyria aliyezikwa Sicilia, lina hesabu yake: mapambano 34, ushindi 21, sare 9, na mara 4 alishindwa akaachwa hai. Alifariki akiwa na miaka 30. Daktari mashuhuri Galen alianzia kazi yake kwa kuwatibu magladiata wa Pergamon. Huu ni ushahidi wa enzi ya makaisari, baada ya Spartacus, lakini mantiki ya fedha ni ileile.

Misuli ile nayo ni ya ukumbi wa mazoezi wa leo. Mifupa iliyofukuliwa katika makaburi ya magladiata huko Ephesus, Uturuki, inaonyesha walikula zaidi nafaka na kunde, na mwandishi wa Kirumi Pliny anasema waliitwa "wala shayiri". Wengi wao pia walipigana wakiwa wamevaa kofia za chuma zilizofunika uso. Tamthilia iliziacha mara nyingi, nadhani kwa sababu tunataka kuona macho ya mwigizaji.

Na ile salamu ya "tunaokaribia kufa tunakusalimu" haikuwa desturi ya magladiata. Imeandikwa kuhusu tukio moja la mwaka 52 BK, ambapo wafungwa waliohukumiwa walimwambia hivyo Kaisari Claudius kabla ya vita ya majini ya maonyesho.

"Alikuwa wa kwanza, na alitaka kukomesha utumwa"

Kabla yake, Sicilia ilishawaka mara mbili. Uasi wa kwanza, ulioongozwa na Msyria Eunus, ulimalizika 132 KK baada ya miaka kadhaa ya vita. Wa pili ulianza 104 KK. Na kwetu sisi wa pwani kuna mwingine wa kukumbukwa: karne nyingi baadaye, mwaka 869 BK, watumwa walioitwa Zanj, jina ambalo Waarabu waliwapa watu wa mwambao wetu, waliasi karibu na Basra, Iraq, na kupigana na dola ya Kiislamu ya Waabbasi hadi 883.

Kuhusu kukomesha utumwa, hakuna mwandishi wa kale anayesema hivyo. Spartacus alipigana hadi mji wa Mutina kaskazini mwa Italia, akamshinda gavana Cassius, na njia ya milima ya Alps, ya kutokea Italia, ikawa wazi mbele yake. Akageuka kusini. Crixus, kiongozi mwenzake wa uasi, alipouawa, Spartacus aliwachinja mateka 300 wa Kirumi kwa heshima yake. Waandishi wengine wanasema aliwapiganisha mateka wao kwa wao kama magladiata. Tamthilia haikuficha hilo, na naipongeza.

"Alisulubiwa"

Dhana hii inatokana na filamu ya 1960. Mwaka 71 KK, katika vita vya mwisho, Plutarch anasema Spartacus alimuua farasi wake kwanza: akishinda atapata farasi wengi wa adui, akishindwa hatamhitaji. Alijipenyeza kumfuata Crassus, jemadari wa jeshi la Kirumi, akawaua maakida wawili, akaanguka akipigana. Appian anasema alichomwa mkuki pajani, akapiga goti akiwa na ngao mbele, na mwili wake haukupatikana. Waliosulubiwa ni mateka 6,000, kando ya barabara kutoka Capua hadi Roma, karibu kilomita 200. Ni msalaba mmoja kila baada ya mita 33 hivi.

Crassus kuwaadhibu askari wake kwa kuua mmoja katika kila kumi ni kweli pia. Lakini mwanawe anayeitwa Tiberius katika tamthilia ni wa kubuni. Watoto wa Crassus walikuwa Marcus na Publius. Na ingawa tamthilia inamweka Julius Caesar kwenye vita hii, hakuna mwandishi wa kale anayefanya hivyo.

Pompey, jemadari mwingine wa Kirumi, aliwakuta watoro 5,000 akitokea Hispania, akawaua, kisha akaliandikia baraza la seneti kwamba Crassus ameshinda vita lakini yeye ameng'oa mizizi. Hakuing'oa. Karibu mwaka 60 KK, zaidi ya miaka kumi baadaye, baba yake Kaisari Augustus, Gaius Octavius, alipewa amri akiwa njiani kwenda Makedonia apitie Thurii, kwa sababu masalia ya watu wa Spartacus walikuwa bado wanaishika nchi hiyo.