Longyearbyen "bila viza": nusu ya ukweli inayowagharimu watu nauli

"Svalbard hawaulizi viza, unapanda ndege tu." Wasafiri wa Nairobi na Dar es Salaam wanaendelea kuambiana hivi, na inachosha kurudia jibu lilelile.

Ni kweli kwamba Svalbard kwenyewe, visiwa vya Norway karibu na Ncha ya Kaskazini, hakuna viza. Mkataba uliosainiwa Paris mwaka 1920, ukaanza kazi 1925, uliipa Norway mamlaka juu ya visiwa hivyo kwa masharti, na Norway haikuviingiza katika Schengen, eneo la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Lakini ndege za ratiba za kwenda Longyearbyen, mji mkuu wa Svalbard, huondokea Oslo na Tromsø, na huko ni Schengen. Mwenye pasipoti ya Kenya au Tanzania hapiti pale bila viza.

Hata waliolielewa hilo hunaswa wakati wa kurudi. Ukiruka kwenda Longyearbyen umeshatoka Schengen. Ukirudi Oslo unaingia upya. Viza ya kuingia mara moja hapo imekwisha kazi. Kwenye fomu omba kuingia mara mbili au zaidi, uambatanishe tiketi na malazi ya Longyearbyen ili afisa aone sababu. Ukipewa pasipoti, soma stika palepale: idadi ya kuingia iwe 02 au MULT (mara nyingi). Ikiwa 01, usisafiri nayo. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, mwisho siku 15. Tafadhali, usingoje hizo siku 15.

Na bima! Ile ya euro 30,000 inayotakiwa kwa Schengen huenda isifike Svalbard. Itaje Svalbard kwa jina, pamoja na utafutaji, uokoaji na kusafirishwa kwa ndege hadi Tromsø, kwa sababu hospitali ya Longyearbyen ni ndogo.

Kuna na maneno mengine yanayosambaa. "Ni marufuku kufa huko." Hakuna sheria hiyo. Majeneza hayazikwi tena kwa kuwa ardhi imeganda mwaka mzima na husukuma vitu juu. Majivu huzikwa kwa kibali. Mji ulianzishwa 1906 na Mmarekani John Munro Longyear kwa ajili ya wachimba makaa ya mawe, na hadi leo hauna makao ya wazee. Anayehitaji kutunzwa hurudi Norway bara.

"Lazima utembee na bunduki." Mjini hapana. Nje ya makazi, ndiyo: uwe na kifaa cha kumfukuzia dubu mweupe, na bunduki inashauriwa sana. Kuikodi kunahitaji kibali, basi nenda na mwongozaji. Tangu 2025 umbali wa chini kutoka kwa dubu ni mita 300, na mita 500 kuanzia Machi 1 hadi Juni 30, kwa hiyo beba lenzi ndefu. Kumfuata dubu ili upate picha ni kosa la jinai.

"Mianga ya kaskazini ipo mwaka mzima." Kuanzia mwishoni mwa Aprili hadi mwishoni mwa Agosti jua halizami, hutaiona mianga hiyo ya rangi, inayong'aa angani gizani. Nenda Novemba hadi Januari. Anayetaka pikipiki ya theluji na mwanga wa kuona milima achague Machi au Aprili, na leseni ya udereva asiiache nyumbani.