Mshipa unaoonekana kwenye kigasha si ule unaopimwa

Neno mshipa tumelitwika mzigo mkubwa. Unaopitisha damu ni mshipa, wa fahamu ni mshipa, kano ikivutika uwanjani tunasema mshipa umevutika, na hata ngiri wengine huiita mshipa. Si ajabu basi kwamba mtu akisikia watafiti wanapima mishipa ya kigasha, yaani kipande cha mkono kati ya kiwiko na kifundo, ili kujua mazoezi yameufanyia nini mwili wake, hujitazama mkono na kuanza kuhesabu mistari ya buluu.

Dhana: mishipa iliyosimama mkononi ni dalili ya mtu fiti

Mistari hiyo ni vena, njia za damu inayorudi moyoni. Husimama kwa sababu mafuta chini ya ngozi ni haba, au kuna joto, au mtu ametoka kunyanyua vyuma. Mtu mwembamba asiyejua mazoezi anaweza kuwa nazo tele, na mama mnene anayetembea kilomita nyingi kila siku asionyeshe hata moja. Mwaka 1628 William Harvey, daktari wa London, aliwaonyesha wasomaji wake kwamba mkono ukifungwa na vena zikavimba, damu iliyomo hukubali kusukumwa kwa kidole kuelekea moyoni na hukataa kurudi nyuma. Watafiti wa leo wanaupima upande mwingine wa mzunguko: ateri, yaani njia za damu inayotoka moyoni. Hupima ateri kubwa ya mkono wa juu, na vijiateri vilivyojificha ndani ya misuli ya kigasha.

Dhana: mshipa ni bomba tu

Hapa ndipo kiini cha jambo zima. Hata wataalamu waliwahi kuudhania utando wa ndani wa ateri, endotheli, kuwa ni kitambaa cha kuzuia damu isivuje. Mwaka 1980 Robert Furchgott na John Zawadzki, wakifanya kazi Brooklyn, Marekani, walitangaza matokeo ya majaribio kwenye vipande vya ateri za sungura. Kemikali iitwayo asetilikolini ililegeza kipande kama utando huo upo mzima. Utando ukishakwanguliwa, kipande hakikulegea. Kumbe endotheli ndiyo inayotoa amri. Amri yenyewe ikaja kujulikana kuwa gesi, nitriki oksaidi, na mwaka 1998 Furchgott alipokea Tuzo ya Nobel pamoja na Louis Ignarro na Ferid Murad.

Kwa hiyo anayepima kigasha hatafuti kama bomba limeziba. Anauliza: utando huu bado unajibu unapoitwa?

Namna ya kuuita ni mbili. Ya kwanza ilienezwa na David Celermajer na wenzake mwaka 1992. Mkanda kama wa presha hufungwa mkononi na kujazwa hadi damu isimame kwa dakika tano, kisha hufunguliwa ghafla. Damu huingia kwa kasi, huisugua endotheli, endotheli hutoa nitriki oksaidi, na ateri hupanuka. Ultrasaundi hupima imepanuka kiasi gani. Wavutaji sigara, na watoto waliorithi kolesteroli ya juu, walionekana kupanuka kidogo kuliko wenzao ilhali hawakuwa na dalili yoyote ya ugonjwa wa moyo.

Ya pili ni kuingiza asetilikolini kidogo kwenye ateri ya mkono, na jibu hupimwa kwa plethismografia, ambayo naiona ya werevu zaidi. Mkanda wa mkono wa juu hujazwa kidogo tu, kiasi cha milimita 40 au 50 za zebaki. Ateri zinapita, vena zinazibwa. Damu inaingia na haitoki, kigasha kinavimba polepole. Uzi wa mpira uliozungushiwa kigasha hupima kasi ya kuvimba, na kasi hiyo ndiyo kiasi cha damu inayoingia. Ni sawa na kuweka kizuizi mtoni ili kujua maji yanakuja kiasi gani.

Dhana: kuzuia damu dakika tano kunaharibu mkono

Mkono hufa ganzi na kuchomachoma, kisha hurudi kama ulivyokuwa. Madaktari wa upasuaji wa mikono huzuia damu kwa muda mrefu zaidi ya huo.

Dhana: kutembea ni kwa miguu, mkono hauhusiki

Huu ndio upotofu ninaotamani sana uondoke, maana unawavunja moyo watu wazima wasio na vyuma wala ada ya jimu. Mwaka 2000 Christopher DeSouza na wenzake, huko Colorado, walichapisha utafiti juu ya wanaume wa makamo na wazee ambao hawakuwa wakifanya mazoezi. Kigasha chao kiliitikia asetilikolini kwa unyonge kuliko cha vijana. Baada ya miezi mitatu ya mazoezi, hasa kutembea, mwitikio uliongezeka kwa asilimia 30 hivi. Walichotumia ni miguu, kilichobadilika kikaonekana mkononi! Moyo unapopiga kwa nguvu zaidi, msukumo wa damu hubadilika mwili mzima, na endotheli ya mkono huuhisi pia.

Hilo halifuti kazi ya mkono wenyewe. Kwa wachezaji wa tenisi, mkono unaoshika raketi huweza kupokea damu nyingi kuliko mwingine.

Dhana: asilimia ya kupanuka kwa ateri ikiwa kubwa, mtu ni fiti zaidi

Mazoezi ya miaka huipanua ateri yenyewe. Ateri ya milimita 3 ikiongezeka milimita 0.3, hiyo ni asilimia 10. Ya milimita 4 ikiongezeka kiasi hichohicho, ni asilimia 7.5. Mwanariadha anaweza kutoka na namba ndogo kwa sababu alianza na mshipa mpana, huku damu inayopita ikiwa nyingi zaidi. Namba hiyo isiyotajiwa kipenyo cha mwanzo inapotosha. Na kwa kuwa tunazungumzia sehemu za milimita, mkono wa mpimaji ukitikisika kidogo jibu linahama.

Jibu huhamishwa pia na mambo ya siku ile. Kahawa, sigara, mlo wa mafuta, mazoezi makali ya jana, chumba chenye baridi: vyote vinaingia kwenye kipimo. Ndiyo maana anayepimwa huombwa aje akiwa na njaa ya saa sita au zaidi, alale kimya kwanza, na mwanamke aeleze yuko siku ya ngapi ya mzunguko wake, kwani estrojeni, homoni ya kike, nayo huilegeza ateri.